Mgonjwa wa Nje

Alikuja mwezi wa sita, Al-Khodh inapochemka
hata nyanya dukani zinakunja nyuso.
Akajilaza nyuma ya jiko, chini ya mashine ya baridi,
pale maji yanapodondoka tone tone,
akaacha kila tone limwangukie shingoni.
Nilimwona dirishani. Sikufungua mlango.

Miaka thelathini na moja nilikuwa nesi wa mahututi.
Nimesoma watu wenye mipira kooni,
watu ambao ulimi wao uliobaki
ni kidole kimoja cha mguu.
Nikasema: huyu simgusi,
lakini kusoma hakutengui udhu.

Siku ya kwanza niliandika nyuma ya bili ya umeme:
anahema, ulimi nje, umetanuka kama upawa.
Mguu wa mbele, kushoto, anaunyanyua,
anauweka, anaunyanyua.
Nilidhani mwiba. Kumbe lami.
Lami tu, ya saa nane mchana,
ambayo mimi mwenyewe siikanyagi bila viatu
hata kwa hatua tatu za kutupa taka.

Nikamwekea maji kwenye sinia kuukuu la biriani,
kivulini mwa tangi, nikaondoka.
Hakunywa mpaka niliporudi ndani na kufunga pazia.

Azzan, mjukuu wangu, akapiga kelele:
Bibi, anatikisa mkia! Anafurahi!
Ngoja, baba. Tazama unatikisika wapi.
Chini, katikati ya miguu, mbiombio,
kama mtu anayemchekea anayemdai.
Na miayo ile si ya usingizi.
Na kuramba pua kule si njaa.
Uso ameugeuza, lakini jicho ametuachia,
weupe wake umejitokeza pembeni
kama ukingo wa kikombe cha kahawa.
Anatuomba tusisogee.
Basi tukakaa chini, mimi na mtoto, tukampa ubavu,
tukautazama ukuta kana kwamba una habari.

Khalfan akasema kutoka kitini: mbwa ni mbwa.
Alisema huku akisugua goti,
goti ambalo, ukimuuliza, halina kitu.
Ndivyo tulivyolelewa: hujambo, sijambo.
Jeneza liko mlangoni, sijambo.
Bi Raya wa nyumba ya pili alinijibu sijambo Alhamisi,
Ijumaa tukampeleka hospitali amebebwa.
Mbwa hajafundishwa neno hilo.
Akiumwa, mgongo unainuka katikati.
Akiogopa, uzito wote unahamia miguu ya nyuma,
kama gari lililokwisha kuwashwa,
linasubiri tu mlango ufungwe.

Siku ya kumi na tatu, kabla ya adhana,
natoka kutia maji, namkuta amelala.
Si kwa kujikunja kama ngumi, pua mkiani, alivyozoea.
Amelala ubavu. Miguu minne imemwagwa,
nyonga imelegea, tumbo jeupe liko wazi,
sikio moja limepinduka ndani nje
wala hana haja ya kulirudisha.
Nikaangalia saa, nikahesabu kifua:
ishirini na mbili kwa dakika.
Mguu ukacheza. Huko ndotoni alikuwa mbioni,
na nadhani, kwa jinsi mdomo ulivyolegea,
alikuwa anakimbilia kitu,
hakimbii kitu.
Nikasimama na kopo langu,
nikiziogopa kandambili zangu mwenyewe.

Ndani, Khalfan ameamka.
Hajambo?
Hajasema, nikamjibu.
Nikamtazama anavyonyanyuka:
mkono kwanza, kwenye meza,
kisha mguu wa kulia,
kisha pumzi aliyoimeza ili nisisikie.

Na wewe?

Sijambo.

Nikaitafuta ile bili ya umeme.
Upande wa nyuma ulikuwa umejaa.
Nikaandika pembezoni, juu ya deni.